Kosa Nililomwazima Jirani Yangu

Watu wanaponiuliza nilianzaje kuandika, huwajibu kwamba nilianza na mashairi ya mapenzi. Ni jibu linalowaridhisha na halina swali la pili. Ukweli ni kwamba nilianza na makosa. Niliyatunga kwa ajili ya wenzangu nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, katika klabu ya vijana ya mtaani kwetu Kariakoo, na ujira wangu ulikuwa kipande cha muhogo wa kuchoma, wenye pilipili. Tangu hapo nimeandikia magazeti mengi, na hakuna mhariri aliyewahi kuleta malipo kabla ya kazi kama walivyofanya vijana wale.

Klabu ilikutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la shule ya msingi iliyo jirani na Mtaa wa Msimbazi. Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu wa shule hiyo, mtu wa kusini, mrefu kuliko baiskeli yake, akiendesha magoti yanakaribia kugonga usukani. Sisi tulimwita Ndugu Mlezi. Alikuwa ameona jinsi vijana tulivyoshinda vibarazani wakati baba zetu wako bandarini na mama zetu sokoni, akaamua kwamba hatupotei tukiwa mikononi mwake. Sisemi kwa kejeli. Mtu yule aliomba mpira mahali ambapo hapakuwa na mipira, akaupata. Alimshawishi fundi seremala mzee atufundishe kupiga randa bila malipo. Alikwenda kwa Mhindi mwenye duka la kona, wakanywa chai, na kuanzia siku hiyo duka likawa linatupa zile karatasi ngumu za kahawia za kufungia sukari. Sukari yenyewe ilikuwa adimu, kwa hiyo karatasi zilikuwa za kutosha.

Karatasi hizo zilikuwa za kisomo. Serikali ilikuwa imetaka kila mtu mzima ajue kusoma, na vijana waliokwenda shule wakaambiwa wawafundishe wasiokwenda. Klabu yetu ilipewa darasa la wanawake wa sokoni. Mwalimu wao alikuwa msichana wa umri wangu, aliyekaa nyumba moja na sisi.

Nyumba yetu ilikuwa ile ya vyumba sita, korido katikati, bomba la maji uani. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Yeye na mama yake walikuwa na chumba kimoja cha uani, karibu na bomba, hivyo hakuna mtu aliyeoga wala kufua bila wao kujua. Mama yake alitoka upande wa Newala na aliuza vitunguu sokoni. Mimi nilikuwa mwandishi wa barua zake tangu nikiwa darasa la nne. Alikaa kwenye kigoda, akasema maneno ya kumpelekea kaka yake, nami nikayaandika kwa mwandiko wangu uliokuwa ukisifiwa nyumba nzima. Mwishoni nilimfungulia kikopo cha wino, akabonyeza dole gumba chini ya karatasi. Kikopo hicho nilikipenda kama fundi anavyopenda nyundo yake.

Halafu binti yake akaanza kumfundisha. Niliwahi kuchungulia dirishani. Wanawake watu wazima walikuwa wamebanana katika madawati ya darasa la kwanza, khanga zimefungwa viunoni, na msichana mwembamba mwenye sare ya sekondari anagonga ubao kwa fimbo ya mfagio.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikanywe maji," alisema mama yake.

"Mama, umetoka kunywa sasa hivi. Kaa usome."

Mama akakaa, akamgeukia mwenzake. "Huyu ngoja tufike nyumbani. Kule mwalimu ni mimi."

Darasa zima likacheka, mwalimu pia. Lakini yule mama alisoma. Alisoma maandishi ya magunia, ya mikokoteni, ya mabango ya Chama. Alinisimamisha koridoni kunisomea lebo ya sabuni, neno kwa neno, kidole kikifuata. Ulipofika mtihani wa kisomo, wanawake wote wa darasa lile walifaulu. Cheti chake alikitundika kwenye msumari wa koridoni ambao siku zote ulikuwa wa kioo cha nyumba nzima. Kioo kikashuka, kikaegemezwa ukutani sakafuni, ikawa kila anayetaka kujitazama sharti achuchumae.

Msichana yule alitaka chuo cha ualimu. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu kimoja kwa utulivu namna ile. Wenzake walitaka kuwa warembo, matajiri, au marubani. Yeye alitaka ubao na chaki, basi. Na kama ujuavyo, au kama ulikuwa hujazaliwa ngoja nikueleze, alama za darasani peke yake hazikukufikisha mbali siku hizo. Fomu ya kuchaguliwa, iwe ya kidato cha tano au ya chuo, ilikuwa na sehemu ya tabia na moyo wa kujitolea. Walimu wa sekondari waliijaza kwa kutegemea barua ya mlezi wa klabu ya mtaani. Bila barua, sehemu hiyo iliandikwa neno moja la mashaka, na neno moja lilitosha.

Barua ilitolewa kwa mwanachama kamili tu. Na mwanachama kamili ni yule aliyejikosoa mara tatu katika mwaka.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na mihogo yangu. Ndugu Mlezi alikuwa amekwenda semina, akarudi na jambo la kujikosoa kama mtu aliyerudi safari na mbegu mpya. Kila Jumamosi, kabla ya mpira, wanachama watatu walisimama mbele mmoja mmoja. Mtu alitaja kosa lake dhidi ya wenzake au dhidi ya kazi ya klabu, akaeleza limetokana na nini, akaahidi kujirekebisha. Samaki mkunje angali mbichi, alisema Mlezi, na sisi samaki tukakaa kimya tukisubiri kukunjwa. Mimi, kwa sababu ya mwandiko, nilikuwa katibu. Niliyaandika yote katika daftari kubwa lenye jalada gumu.

Shida ya makosa ya kweli ni kwamba hayafai kusemwa mbele ya watu. Yale makubwa yalikuwa ya kufukuzwa, yale madogo yalionekana ni dhihaka. Kilichohitajika ni kosa la kati, na makosa ya kati hayapatikani kirahisi katika maisha ya kijana. Wa kwanza kunijia alikuwa beki wetu wa kati, jitu zima, jasho linamtoka.

"Katibu, Jumamosi zamu yangu. Nipe kosa."

"La namna gani?"

"La kawaida. Lisiwe la kuchapwa."

"Muhogo uko wapi?"

Nikampa hili: alichelewa siku mbili kurudisha msumeno wa klabu, kwa ubinafsi, hivyo akawanyima wenzake nafasi ya kujifunza. Msumeno ulikuwepo kweli, ucheleweshaji haukuwepo. Alipomaliza kusema, Ndugu Mlezi alipiga makofi kabla ya watu wote. Kuanzia hapo nikawa na wateja. Nilijifunza kwamba kosa zuri lazima lianze dogo na liishie kwenye moyo, kwamba mtu akijilaumu kidogo kupita kiasi watu humpenda, na kwamba msikilizaji haulizi ushahidi wa jambo baya ulilojisemea mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na nilidhani nimegundua siri ya binadamu. Hakuna aliyeniambia kuwa nimegundua namna ya kuharibu watu kwa mwandiko mzuri.

Jirani yangu hakuwahi kununua. Mara mbili za mwanzo alisema makosa yake mwenyewe: alisahau kufunga dirisha la darasa mvua ikalowesha karatasi, na siku moja alimkaripia mwanafunzi mzee. Mara ya tatu akasema amemjibu mama yake vibaya.

"Hilo la nyumbani, ndugu," alisema Mlezi kwa upole. "Tuletee la klabu."

"La klabu sina, Ndugu Mlezi."

"Mtu asiye na kosa ni malaika. Na malaika hawana haja ya klabu."

Watu wakacheka, na yeye akaketi bila kuhesabiwa. Ilikuwa imebaki Jumamosi moja kabla ya Mlezi kuandika barua za mwaka.

Nilimkuta uani anafua. Nikamwambia naweza kumtungia, bure, kwa ajili ya ujirani.

"Mimi sitaki kosa la uongo," akasema bila kuinua uso.

"Si la uongo. La kuazima. Ukishamaliza nalo, unalirudisha."

Alinitazama kwa namna ambayo leo ningeielewa. Akasuuza khanga, akaikamua, akaitundika. Kisha akasema, "Haya, lilete nilione."

Nililiandika kwa bidii kuliko yote. Kwa wengine nilitaka makofi, kwa huyu nilitaka anione. Nikasema moyoni, nitamtungia kosa ambalo ndani yake ni wema, ili hata akijilaumu watu wamsifu. Nikaandika kwamba siku ya mtihani wa kisomo alipita nyuma ya mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa akitetemeka, kalamu imemgoma mkononi, akamnong'oneza jibu. Alifanya hivyo kwa sababu huruma yake kwa mtu ilizidi heshima yake kwa kazi. Niliposoma mstari wa mwisho, mimi mwenyewe nikafuta macho kwa mkono wa shati. Mwandishi anayelizwa na maandishi yake mwenyewe ni wa kuogopwa, lakini hilo nalo sikuwa nikilijua.

"Lakini sikufanya hivi," akasema alipomaliza kusoma.

"Ndiyo uzuri wake. Huna la kuonea aibu."

"Na wakiuliza niliyemnong'oneza ni nani?"

"Nimeshatunga mengi, nani kaulizwa?"

Jumamosi akasimama, akalisema kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Hata hivyo makofi yakaanza taratibu. Ndugu Mlezi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Mimi nikaandika neno kwa neno, kwa wino wa buluu, nikapigia mstari chini ya jina lake. Alikuwa sasa mwanachama kamili.

Siku chache baadaye mkaguzi wa kisomo alikuja kutoka wilayani. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Ndugu Mlezi alimwonyesha viti tulivyotengeneza, akamwonyesha mpira, na baadaye, kwa fahari ya mzazi anayemtoa mtoto mgeni amwone, akamletea lile daftari la kujikosoa. "Hapa ndipo tunapolea utu," alisema. Mimi nilikuwa pembeni na kifutio cha ubao, nikitumaini mgeni atausifu mwandiko.

Mkaguzi alifungua kurasa akilowesha kidole. Akatabasamu kwenye msumeno. Akaendelea. Halafu kidole kikasimama.

"Huyu ndiye anayefundisha wanawake wa sokoni?"

"Ndiye. Kijana wetu bora."

"Lile darasa ambalo wote walifaulu?"

"Wote, ndugu."

Mkaguzi akafunga daftari taratibu. "Nilikuwa nikijiuliza ilikuwaje wote," akasema.

Msichana akaitwa kutoka nyumbani. Alifika na povu la sabuni kwenye viwiko. Mkaguzi akamsomea maandishi yangu. Hakuyasoma vibaya hata kidogo.

"Sikufanya," akasema yeye.

"Ulisema mbele ya mkutano kwamba ulifanya."

"Nilisema. Lakini sikufanya."

"Basi ama uliharibu mtihani wa taifa, ama uliudanganya mkutano wa wenzako. Ni lipi kati ya hayo nimwandikie mwalimu wako?"

Hakunitazama. Ningependa kusema alinitazama, kwa sababu katika miaka yote iliyofuata ningekuwa na kitu cha kukumbuka na kuchukia. Aliangalia tu mikono yake, povu linakauka.

Mkaguzi akanigeukia. "Ndugu Katibu. Yameandikwa kama yalivyosemwa?"

Barua yangu mwenyewe, ya kidato cha tano, ilikuwa mezani pa Mlezi haijatiwa saini. Niliiona kutoka nilipokuwa nimesimama.

"Yameandikwa kama yalivyosemwa," nikajibu.

Hakuna hata neno moja la uongo katika sentensi ile. Nimeipekua miaka mingi, na bado ni safi.

Uamuzi wa mkaguzi ulikuwa kwamba vyeti vya darasa lote virudishwe na wanawake warudie mtihani mwaka unaofuata. Barua ya mwalimu wao ingesubiri hadi hapo. Yaani ingesubiri mpaka fomu za vyuo ziwe zimekwishapita. Mama yake alikitoa cheti ukutani mwenyewe, akakifuta vumbi, akakipeleka. Aliporudi akakiinua kioo kutoka sakafuni, akakirudisha kwenye msumari wake, na nyumba nzima tukaweza tena kujitazama tukiwa wima.

Binti yake alinisubiri bombani. "Jumamosi usimame useme," alisema. "Useme ulitunga wewe. Kabla fomu hazijaondoka."

Nikaahidi, na ahadi hiyo niliitimiza. Lakini jamani, nilivyoitimiza. Niliketi na kalamu siku nne. Nilianza na utoto wangu. Nikaeleza jinsi majivuno yanavyoingia kwa mtu kama mchwa kwenye boriti. Nikahesabu makosa yote niliyowatungia wenzangu, nikisema nimelijaza daftari la klabu kwa vivuli badala ya watu. Nilisimama mbele Jumamosi nikayasema yote bila kutazama karatasi, sauti ikipanda na kushuka mahali pake.

Walinipigia makofi kuliko mtu yeyote aliyewahi kujikosoa.

"Huyu Katibu ni hatari," alisema beki wa kati, akicheka hadi akapiga dawati. Wengine wakacheka naye, wote waliokuwa na kurasa zao mle daftarini na barua zao mezani. Hakuna aliyesimama kusema ni kweli. Ndugu Mlezi alisubiri wanyamaze.

"Ni kosa lililotungwa vizuri sana, ndugu," akasema, "ila umetia chumvi. Tumwelewe, anataka kumwokoa jirani yake. Nalo ni jambo jema."

Akanishika bega. Sijui hadi leo kama hakuniamini, au aliona kwamba akiniamini mimi itambidi alichane daftari zima, na klabu pamoja nalo. Nilichojua ni kwamba, wakati nikirudi kukaa, nilikuwa nimefurahia makofi.

Msichana alikuwa nyuma karibu na mlango. Alitoka kabla sijafika mahali pangu.

Aliyepata njia alikuwa mama yake. Jumatatu alirudi kutoka sokoni mapema, akaomba kalamu kwa binti yake, akamfukuzia ndani chumbani ili asije akasemwa tena kwamba alimnong'oneza. Alikaa kwenye kigoda uani, ubao wa kukatia mboga magotini, mbele ya wapangaji wote, akaandika. Ilichukua muda ambao mimi ningetumia kuandika barua sita. Jirani mmoja alitaka kumtajia herufi, mama akamwambia, "Nyamaza, mtihani huu." Alipomaliza alinipa mimi niipeleke, kwa kuwa kila juma katibu alipeleka taarifa za klabu ofisini wilayani.

Barua ilikuwa kwenye karatasi ya kufungia sukari. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, nyingine zimepanda mlima. Ilisema:

"Mimi najua kusoma. Binti hakuninong'oneza. Njoo na kitabu chochote hapa sokoni kwenye vitunguu nitakusomea." Chini yake, jina lake.

Niliisoma nikaona aibu kwa niaba yake. Barua haikuwa na tarehe. Haikuwa na anwani. Haikumwita mtu "ndugu" wala kutaja kichwa cha habari. Na ile karatasi, yenye doa la mafuta pembeni, ndiyo ingewekwa juu ya meza ya mkaguzi? Nilimpenda yule mama. Nilikuwa na hatia mpaka kwenye mifupa, na nilitaka safari hii kazi ifanyike ipasavyo. Nikachukua karatasi nyeupe yenye mistari, nikainakili.

Niliandika kwamba mwanakisomo mwenye jina hapo chini ana heshima kubwa kuleta mbele ya ofisi ombi lake lihusulo kichwa cha habari hapo juu. Nikaandika kwamba anathibitisha bila shaka yoyote uwezo wake wa kusoma na kuandika. Nikamalizia kwa kauli za kuutakia ujamaa maisha marefu. Ilipendeza kama mwaliko wa harusi.

Nikampelekea aione. Alifuata mstari wa kwanza kwa kidole, akakwama kwenye "lihusulo", akarudi nyuma, akaanza tena.

"Haya ndiyo niliyosema mimi?"

"Ndiyo hayo, mama. Ila kwa lugha ya ofisini."

"Na ile yangu?"

"Hii itapokelewa vizuri zaidi."

Alinitazama kidogo. Tangu nikiwa darasa la nne sikuwahi kumpotezea barua hata moja. "Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nami, kwa mazoea ya miaka yote ile, mkono wangu ukaingia mfukoni, ukatoa kikopo cha wino, ukakifungua mbele yake. Yeye naye, kwa mazoea hayo hayo, akabonyeza dole gumba.

Kama kuna mtu anayesoma hapa ambaye tayari amefumba macho, namshukuru. Mimi yalinifumbuka ofisini. Mkaguzi aliisoma barua hadi mwisho bila haraka. Kisha akaigeuza kunielekea, akaweka kalamu yake pembeni ya lile doa la wino wa zambarau.

"Anathibitisha anajua kusoma na kuandika," akasema. "Kwa dole."

Nilisema anajua kusaini, nilisema ni kosa langu, nilisema ipo barua nyingine aliyoandika mwenyewe. Akauliza iko wapi. Ilikuwa nyumbani, ndani ya kitabu changu cha historia.

"Kijana," alisema, na hakuwa na hasira, "nimeuona mwandiko wako kwenye daftari, na sasa nauona hapa. Hata ukiniletea ya tatu, nitajuaje?"

Nilirudi nikawaambia. Mama alilitazama dole lake, lililokuwa bado na wino kwenye kucha. Binti yake alikuwa akipanga vitunguu kwenye kapu, vikubwa chini, vidogo juu, hakusimamisha kazi.

"Wewe unajua kuandika sana," aliniambia.

Fomu ziliondoka. Yangu ilikuwa na barua yenye saini, yake haikuwa nayo. Nikaenda kidato cha tano, nikaenda kambini kujenga taifa, nikaenda chuo kikuu, mahali ambapo nilisoma mambo mengi kuhusu ukombozi wa wanyonge. Yeye alipata kazi katika duka la ushirika la mtaani, akipima sukari siku inapokuwepo na kuwaeleza watu siku isipokuwepo. Klabu iliendelea. Beki wetu wa kati akawa seremala hodari, na wapo wengine ambao bila Ndugu Mlezi wangepotea kabisa. Hilo lazima niliseme, ingawa linanisumbua kulisema.

Ile karatasi ya sukari ilibaki katika kitabu cha historia, kisha ikahamia vitabu vingine. Nilipomaliza chuo nikaichukua siku moja asubuhi nikaenda sokoni. Yule mama alikuwa mahali pake. Mwaka uliofuata ule wa aibu wenzake wote walirudia mtihani, yeye akakataa. Alisema alishaufanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ah, Katibu. Umenenepa."

Nikampa karatasi. Aliifungua juu ya vitunguu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Safari hii hakukwama popote. Alisoma kwa sauti, hadi kwenye jina lake, na mteja aliyekuwa akisubiri akadhani ni tangazo.

Niliuliza habari za binti yake.

"Yuko dukani. Leo sukari imekuja, kuna foleni. Ukipita utamwona."

Halafu akaikunja karatasi kama ilivyokuwa, akanirudishia.

"Sasa mbona unaniletea mimi?" akauliza. "Hii si ilikuwa ya ofisini?"

Akamgeukia mteja, akaanza kumchagulia vitunguu. Foleni ya duka la ushirika ilikuwa inaonekana tangu sokoni, imezunguka kona. Nikashika njia ya upande mwingine.